Wanafunzi wa unesi wapelekwe kwa mgonjwa anayekufa, wasisubiri maiti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu yule msomaji aliyelalamika kwamba vyuo vya unesi siku hizi vinapeleka watoto wa watu kwenye nyumba zenye wagonjwa wa kansa waliokwisha rudishwa nyumbani, eti ni uchuro, eti binti wa miaka 19 anatolewa hosteli akakae na mtu anayesubiri kufa, usiku atalala vipi. Mimi ni nesi, nimekaa wodini miaka mingi, na kila msimu wa fildi napokea hao hao wanafunzi anaowaonea huruma. Kwa heshima zote namwambia ndugu yangu huyo kwamba hicho anachokilalamikia kingekuwa kinafanyika kweli kila chuo, mimi ningeandika barua ya kushukuru. Tatizo hakifanyiki. Kinafanyika hapa na pale, kwenye hospitali yenye timu ya huduma shufaa, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa asiyepona, au ile ya misheni yenye watu wenye moyo, kwingine kote mwanafunzi anasoma miaka mitatu ya diploma, anavaa kofia, anaapa, anaajiriwa, na hajawahi kukaa hata nusu saa na mtu anayejua kabisa kwamba anaondoka.

Nianze na wanachofundishwa maana wapo watakaosema nawasingizia walimu. Kuna kazi inaitwa lasti ofisi, ndiyo ile ya kumuandaa marehemu kabla hajapelekwa mochwari. Hiyo wanaijua. Wanajua kumnyoosha mwili ukiwa bado haujakakamaa, kumfumba macho, kumfunga taya kwa bandeji, kutoa kanula na mpira wa mkojo, kumsafisha, kuziba pamba, kufunga miguu pamoja, kuandika lebo mbili na kumvingirisha kwenye shuka. Kwenye logbuku, kile kitabu cha kusainiwa kazi za vitendo, ina mstari wake na mwalimu anasaini. Nimewahi kumuona kijana wa mwaka wa pili akiifanya vizuri kuliko nesi aliyeajiriwa, kwa adabu kabisa, anamsemesha marehemu taratibu, samahani mzee nakugeuza. Hapo sina ugomvi na chuo chochote.

Sasa rudi nyuma saa sita kabla ya hiyo lasti ofisi. Mzee yule yule yuko hai, amekata kauli tangu asubuhi, anapumua kwa kuvutavuta, mtoto wake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kamshika mkono. Raundi inapita. Daktari anaangalia faili, anasema endeleeni hivyo hivyo, wanaenda kitanda kinachofuata, na mwalimu wa kliniki anawaita wanafunzi wake njooni huku kwa huyu mwenye kisukari kuna kitu cha kujifunza, yaani kwa mzee hakuna cha kujifunza. Pazia linavutwa. Kuanzia hapo nesi anafika pale kupima presha tu, na presha yenyewe inapimwa kwa sababu ni kitu cha kufanya, maana hata ikishuka hakuna mtu atakayefanya lolote. Mwanafunzi anaona haya yote na anajifunza, tusijidanganye. Anajifunza kwamba mtu akianza kufa, unaondoka pale, unarudi akishakufa.

Nina kisa kimoja, hospitali siitaji. Mwanafunzi wa kike alikuwa zamu ya usiku, mgonjwa wa kike wa makamo yuko kwenye hatua hizo, ndugu wanamlisha uji kwa kijiko, uji unatokea pembeni mwa mdomo, mama anakoroma, ndugu wanazidi kumlisha maana hawataki afe na njaa. Binti akasimama mlangoni. Kijana wa yule mama akamuuliza, sista, mama anatusikia? Binti akakimbia kuja kuniita na akarudi nyuma yangu akiwa anatetemeka, sio kwamba anaogopa maiti, maiti ameshafunga kadhaa, alichoogopa ni lile swali. Kwenye notisi zake hakuna jibu. Kuna dalili za mshtuko wa damu kupungua, kuna viwango vya koma, kuna yote, hakuna mama anatusikia.

Na jibu lipo jamani, halihitaji PhD. Unamwambia ndiyo kijana, sisi tunawahudumia wagonjwa tukichukulia kwamba bado wanasikia hata wakiwa hawajibu, kwa hiyo ongea naye, mwambie unachotaka kumwambia, na msigombane hapa kitandani. Unawaeleza kwamba mwili unapofunga kazi hauhitaji tena chakula, hana njaa kama yetu, uji ule unaweza kwenda njia ya hewa ukamtesa bure, badala yake chukua pamba au kitambaa safi kilicholoweshwa maji mlainishe midomo. Unamgeuza kidogo ubavu ili ule mkoromo upungue, unawaambia mkoromo ni mate yaliyokaa kooni ambayo hawezi tena kuyameza, unatutesa sisi tunaousikia kuliko yeye. Unawaandaa kwamba miguu itakuwa ya baridi, ngozi itabadilika rangi madoadoa, pumzi itakuwa inasimama halafu inarudi, inasimama halafu inarudi, msipige kelele ikisimama mara ya kwanza. Mimi haya sikuyapata darasani, niliyapata kwa sista mmoja mzee wa shirika aliyekuwa ananiburuta kwenda naye kwenye kile kitanda ambacho wengine wote wanakikwepa, ananiambia kaa, na mimi nakaa. Ndiyo kujifunza kwenyewe huko. Huwezi kumpa mtu hayo kwa pawapointi.

Najua kuna wanaosema siku hizi kuna simulesheni. Vyuo vyenye uwezo vina mdoli wa kisasa anayepumua, ana mapigo, anatoa sauti, mwalimu yuko chumba cha pili na kompyuta akiamua mdoli afe anakufa. Ni mzuri sana kwa kujifunza kukandamiza kifua na kuweka hewa, sibishi, tena ningeomba tuletewe. Ila mdoli hana ndugu. Hana mke mdogo aliyefika na basi la usiku akakuta mke mkubwa amekaa kichwani. Hana shemeji anayemnong'oneza nesi pembeni kwamba msimwambie mgonjwa kuwa ni kansa, wakati mgonjwa mwenyewe jana alikushika mkono akakuuliza sista hivi mimi nitapona. Na hilo swali pia lina namna ya kulibeba, humdanganyi na humtupii ukweli kama hukumu, unakaa chini kwanza, unamuuliza wewe mwenyewe unaionaje hali yako, na mara nyingi anakwambia vitu ambavyo ndugu zake wanahangaika kumficha, anavijua vyote. Mwanafunzi anatakiwa aone mtu akilifanya hilo mbele yake, alione hata mara chache, ndipo siku yake ikifika asikimbie.

Halafu watu wanaongea utafikiri jambo hili tumelibuni juzi. Mwaka 1965 kule Chicago Marekani wanafunzi wanne wa theolojia, vijana wanaosomea uchungaji, walimfuata daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, mzaliwa wa Uswisi, wakamuomba awasaidie waelewe kufa ni nini. Yeye akaona hakuna njia zaidi ya kuwauliza wenyewe wanaokufa. Akazunguka hospitali ya Billings ya Chuo Kikuu cha Chicago akiwaomba madaktari wamuonyeshe mgonjwa anayekaribia kufa wa kuongea na wanafunzi, na akajibiwa kwamba wodini hakuna mgonjwa wa namna hiyo! Hospitali nzima kubwa hakuna anayekufa. Wengine wakawa wakali, wengine wakasema wagonjwa wao ni dhaifu mno. Hata alipompata mzee mmoja aliyekubali, yule mzee akamwambia kaa sasa hivi tuongee, daktari akasema hapana nitakuja kesho na wanafunzi wangu. Kesho walipofika mzee hana tena nguvu za kuongea, akanong'ona tu asante kwa kujaribu, na ndani ya saa moja akafariki. Daktari mwenyewe ndiye aliyesimulia, na mimi namheshimu kwa kulisema hadharani. Baada ya hapo darasa likashika kasi, mgonjwa anahojiwa kwenye chumba chenye kioo cha upande mmoja, wanafunzi wanasikiliza upande wa pili, na mgonjwa akisharudishwa wodini wao wanabaki wanaongea, sio juu ya ugonjwa, juu ya kilichowapata wao mioyoni walipokuwa wanasikiliza. Wakaanza kuja manesi, madaktari, wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Wagonjwa wengi waliokuwa wanaombwa wakawa wanakubali, tena kwa hamu, kumbe walikuwa wanatafuta mtu wa kuongea naye wakakosa.

Cha kuchekesha ni kwamba matunda ya darasa lile yaliyofika kwetu ni zile hatua tano za mtu anayekabili kifo, kukana, hasira, kujadiliana, sononi, kukubali. Wanafunzi wanazikariri kwa ajili ya mtihani wa saikolojia kisha wanamuangalia mgonjwa kana kwamba ni daladala lazima apite kila kituo, na mwenye hatua zake alishasema hazifuati mstari na sio kila mtu anazipitia zote. Tumechukua orodha, mgonjwa aliyekaa kwenye kiti upande wa pili wa kioo tumemuacha huko huko Chicago.

Sasa nije kwenye uchuro maana ndilo neno lililonifanya nishike kalamu. Msomaji wetu anasema kumkaribisha kijana kwenye kifo sio mila yetu. Mila ya nani? Mimi niko Tanga, nimezaliwa huku. Hapa madrasa vijana wanafundishwa kuosha maiti kwa vitendo, mmoja analala kwenye benchi na nguo zake, ustadhi anaonyesha, sitiri kitovuni mpaka magotini, minya tumbo taratibu, vaa kitambaa mkononi, mtawadhishe, anza kulia njoo kushoto, maji yenye majani ya mkunazi, ya mwisho yenye karafuu maiti, idadi iwe witri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, sanda tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke. Wasichana nao wana waalimu wao wa kike. Watoto wanacheka kidogo mwanzoni, yule aliyelala anatekenyeka, ustadhi anamkanya, halafu wanatulia. Na wanafundishwa pia kumlakinia anayekata roho, yaani kumkumbusha shahada kwa sauti ya chini bila kumsumbua kwa kumrudiarudia, na kumuelekeza kibla. Hiyo ni huduma ya mtu aliye hai bado. Ndugu zetu Wakristo nao jumuiya inahamia nyumbani kwa mgonjwa, wanaimba, padri anakuja na mafuta, watoto wako pale pale mkekani. Uchuro uko wapi hapo? Aliyejifunza madrasa anajua akae upande gani wa kitanda na aseme nini, akishaingia chuo cha afya anavuliwa hiyo elimu anaambiwa subiri pazia.

Na hao wanaosema vijana ni wadogo, sijui wamesahau lini. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na mpaka dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004 nani alikuwa anawauguza watu? Watoto. Mtoto wa darasa la tano anambeba mama yake kwenda chooni, anafua shuka, anapika uji, anakaa naye usiku kwa kibatari, na hakuna mtu mzima aliyemuelekeza lolote wala kumuuliza baadaye umelalaje. Kijana kukaa na anayekufa sio jambo jipya kwetu hata kidogo, jipya ni kukaa naye huku mtu anayejua kazi yuko pembeni yako na mkitoka anakuuliza unajisikiaje. Mimi naona hiyo ndiyo huruma, kuliko kumfichaficha halafu siku ya kwanza ya ajira anaachwa peke yake zamu ya usiku na wagonjwa arobaini.

Liko jambo la maumivu na hapa naomba nikae kidogo. Kule Uganda kuna Hospice Africa, shirika la huduma shufaa, aliianzisha daktari Anne Merriman mwaka 1993 pale Kampala baada ya kupitia Nairobi Hospice. Alikuja na mofini, ile dawa kali ya maumivu, ila ya maji, unga unachanganywa na maji na rangi kidogo ili watu wasikosee nguvu yake, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake, hakuna sindano wala dripu. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria, nesi na klinikal ofisa waliosomea kozi maalum ya huduma shufaa wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Wasingeruhusu hivyo ingekuwaje, kijijini daktari yuko wapi? Na wanaosomea kazi ile wanaifanya majumbani na kliniki, wanaingia kwenye nyumba ya nyasi, wanamkuta mtu amejikunja hajalala siku tatu, wanampa dozi ya kwanza, wanarudi baada ya siku mbili wanamkuta amekaa nje anaota jua anaulizia mbuzi wake.

Mwanafunzi aliyeona hilo kwa macho yake hatakuja kuiogopa mofini maisha yake yote. Ambaye hajaliona ndiye huyu ninayefanya naye kazi, dawa ipo kabatini imefungwa kwa kufuli mbili, mgonjwa analia mpaka jirani wanahama vitanda, na yeye anasema tusimpe atazoea, au anasema ile ni dawa ya kumaliza, ukimpa mgonjwa anaondoka. Kumbe inaanzwa kwa dozi ndogo, inatolewa kila baada ya saa nne kwa saa na sio kwa kusubiri alie, ya kulalia inaongezwa mara mbili ili familia nzima ilale, na anapewa cha kulainisha choo maana itamfunga, hayo hasa ndiyo ya kuhangaika nayo. Jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 lilihesabu kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za jamii hiyo zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Sehemu ya hiyo ni sheria na fedha, sawa, lakini sehemu nyingine ni manesi na madaktari wanaoogopa chupa. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 56.8 wanahitaji huduma shufaa kila mwaka na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Hao waliobaki wako nyumbani, na kama wapo nyumbani basi mwanafunzi naye atawakuta wapi?

Wahindi wa jimbo la Kerala wameliona hili zamani. Pale Kozhikode mwaka 1993 madaktari wa hospitali ya chuo walianzisha chama cha kutibu maumivu, baadaye kikashuka mitaani kikawa cha watu wa kawaida, wanajitolea, wanachanga, wanatembelea wagonjwa majirani zao, na wanafunzi wa vyuo wakaingizwa humo, hata wasiosomea udaktari wala unesi, anasomea biashara lakini jumamosi anaenda na nesi kumsafisha mzee vidonda vya kulalia. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatunga sera yake ya huduma hiyo. Sio matajiri wale. Na sisi tuna hospitali ya kansa ya Ocean Road pale Dar, tuna hospitali ya Selian kule Arusha, tuna ya Muheza hapa kwetu, timu zinazokwenda majumbani zipo na zinaijua kazi, zinachokosa ni watu na mafuta ya gari, wakati vyuo vina watu mpaka wanakosa wagonjwa wa kuwahudumia. Fildi utakuta wanafunzi kumi na watano wamemzunguka mgonjwa mmoja wa hernia kila mmoja anataka kumpima joto, mwisho mgonjwa anajifunika shuka.

Msomaji wetu yuko sahihi kwenye jambo moja na nampa haki yake, mgonjwa asigeuzwe kitabu. Wasipelekwe kundi. Wawili inatosha, na nesi wa timu, na mgonjwa aulizwe mwenyewe kabla hawajashuka kwenye gari, sio kuulizwa wakiwa wameshajaa sebuleni akaona aibu kukataa. Akisema leo hapana, ni hapana. Simu zinabaki kwenye mabegi, na hili nalisema kwa ukali maana nimeshaona kwenye stetasi ya WhatsApp mkono wa mgonjwa na mkono wa mwanafunzi na maneno ya Mungu mtie nguvu, na mikono ina watu wanaoijua. Siku ya kwanza mwanafunzi asifanye kitu, akae, asikilize, ajitambulishe kwa wakubwa wa nyumba, akikaribishwa chai anywe. Siku nyingine asaidie kulainisha mdomo, kugeuza, kutandika, kumfundisha binti wa nyumba namna ya kumgeuza bila kumuumiza. Mengine yatafuata.

Na baadaye lazima waongee. Hapa vyuo vyetu ndipo vinapokosea zaidi, hata vile vinavyopeleka, mwanafunzi anarudi na ripoti ya kurasa mbili, utambuzi wa kiuguzi, malengo, tathmini, anapewa maksi, hakuna anayemuuliza wewe vipi. Kuna wanaouguza wazazi wao nyumbani na hawajasema. Kuna aliyefiwa mwaka jana. Huyo asilazimishwe kwenda, asubiri, aende muhula mwingine, au aende na asimame mlangoni akiona hawezi atoke nje akapunge hewa na mwalimu amfuate. Wakilia walie, nesi kulia sio kosa, mimi nimelia sana na bado dawa nimetoa kwa wakati.

Nimesoma pia kwamba huko Korea Kusini kuna sehemu watu wazima kwa vijana wanaandika wosia, wanavaa sanda, wanafungiwa kwenye jeneza dakika kadhaa wakiwa hai ili wathamini maisha, na kuna watu wameanza kusema tuwaletee wanafunzi wetu kitu kama hicho. Hapo mimi nawaacha. Kujilaza kwenye jeneza ni kuwaza kifo chako mwenyewe, na nesi halipwi mshahara kwa kuwaza kifo chake. Aende kwanza kwa mama fulani mwenye kansa ya shingo ya kizazi anayenuka na anajijua kwamba ananuka na ndugu wameanza kukaa mbali, akajifunze kusaga vidonge vya metronidazole na kuvinyunyiza kwenye kitambaa cha kidonda ili ile harufu ipungue na wajukuu warudi kukaa karibu. Akitoka pale hatahitaji jeneza la mazoezi.

Kwa hiyo ombi langu kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga na wanaosimamia mitaala ni dogo tu. Kwenye ile logbuku, juu ya mstari wa lasti ofisi, wekeni mstari mwingine wa mwanafunzi kukaa na mgonjwa wa hatua za mwisho na familia yake, nyumbani au wodini, usainiwe na nesi aliyekuwa naye pale, sio mwalimu aliyebaki ofisini, na asiye na saini hiyo asihitimu kama vile asiye na idadi yake ya kuzalisha hahitimu ukunga. Kuzaliwa tunahesabu, mwanafunzi anamfukuzia mjamzito usiku kucha ili apate namba yake.

Nauli ndiyo watakayoisingizia, najua. Bodaboda kwenda na kurudi mara moja kwa wiki kwa wanafunzi wawili, vyuo vikishindwa basi wazazi tuulizwe, mchango wa mahafali na suti za picha mbona tunatoa kila mwaka na risiti hatuombi.

Ni mimi msomaji wako,
Nesi wa wodi, Tanga
(jina langu unalo)